Tundu la mti lina mwenyewe

Katika Bustani ya María Luisa mjini Sevilla, kusini mwa Hispania, kasuku wa kijani wanawaua popo. Hawawali. Huwang'ata mabawa, huwatoa kwenye matundu ya miti, kisha huingia wao wakataga. Popo wenyewe ni wa spishi kubwa kuliko zote za Ulaya, adimu kiasi cha kuorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini, na bustani hiyo ndiyo iliyokuwa na koloni lao la kuzaliana kubwa kuliko yote yanayojulikana barani humo. Nautaja msimamo wangu mapema: kasuku hao wapunguzwe kwa kuuawa na watu wenye ujuzi, bila kungoja miaka mingine kumi ya mjadala. Nasema pia kwamba hata wakiondoka wote kesho, popo hawatapona iwapo jiji litaendelea kuihudumia miti yake mikongwe kana kwamba kila tundu ni ugonjwa. Kinachogombewa pale ni tundu la mti, na matundu ya miti ni mali adimu kuliko sisi wakazi wa mijini tunavyodhani.

Mti hauzaliwi na tundu. Tawi huvunjika kwa upepo au hukatwa kwa msumeno, jeraha huchelewa kufunga, kuvu huingia, na mbao ya ndani huoza polepole huku ganda la nje likiendelea kuishi. Mpaka pafae kwa mnyama kulala na kulea, miongo kadhaa imepita. Bustani ya María Luisa ina matundu kwa sababu ina umri. Ardhi yake ilikuwa ya kasri la San Telmo. Mwaka 1893 binti mfalme María Luisa Fernanda aliitoa kwa jiji, na baadaye mbunifu Mfaransa Jean-Claude Nicolas Forestier akaipanga upya, ikawa sehemu ya Maonyesho ya Ibero-Amerika ya mwaka 1929. Miti ya platano na ya gleditsia iliyokwisha kuzeeka humo ina nafasi za ndani ambazo mtaa mpya, uliopandwa miti miaka 20 iliyopita, hauwezi kuwa nazo kwa fedha yoyote. Watalii wanaokuja kupiga picha Plaza de España hupita chini ya vigogo hivyo bila kujua kwamba juu ya vichwa vyao pana wodi ya wazazi.

Mkazi wa matundu hayo ni Nyctalus lasiopterus, ambaye hapa nitamwita popo mkubwa. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia takriban sentimita 45 kutoka ncha hadi ncha, lakini uzito wake ni kiasi cha gramu 50 tu. Huruka juu na huruka mbali: popo wa Sevilla huenda kuwinda hadi kwenye mabwawa ya Doñana, kisha hurejea mjini. Chakula chake ni wadudu, ila katika majira ya kuchipua na ya kupukutika kwa majani, ndege wadogo wanapohama usiku kati ya Ulaya na Afrika, huwakamata angani na kuwala. Carlos Ibáñez na wenzake walilitangaza jambo hilo mwaka 2001 baada ya kukuta manyoya kwenye kinyesi cha popo, na kwa muda mrefu wapo waliokataa kuamini. Mwaka 2025 ukachapishwa ushahidi uliomaliza ubishi: vifaa vidogo vya kurekodi vilivyofungwa kwenye miili ya popo vilinasa popo akipiga mbizi gizani kumfukuza ndege, milio ya ndege mwenyewe, halafu dakika 23 za kutafuna huku mwindaji akiendelea kuruka. Ni mnyama wa ajabu. Wengi wa wanaopumzika chini ya miti yake hawajawahi kumwona.

Namna popo hawa wanavyoishi ndiyo inayofanya upotevu wa matundu uwaumize kuliko unavyowaumiza wanyama wengine. Majira ya kuchipua majike hukusanyika bustanini, wakazaa mwanzoni mwa kiangazi, kwa kawaida mtoto mmoja kwa kila jike. Utafiti wa Ana Popa-Lisseanu na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba majike wa bustani hiyo moja walikuwa makundi matatu yasiyochanganyika, kila kundi likiwa na upande wake wa miti. Ndani ya kundi, popo hugawanyika katika matundu kadhaa, na baada ya siku chache hujipanga upya: leo huyu yuko na yule, kesho na mwingine. Kwa hiyo kundi moja halina nyumba moja. Lina matundu mengi linayoyazungukia, na kuzunguka huko ndiko kunakowawezesha kujuana wote, kukwepa viroboto na kupe waliojaa kwenye tundu lililotumika mno, na kufuata joto au ubaridi kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Ukiwaondolea nusu ya matundu hujawapunguzia nafasi tu, umevunja utaratibu mzima wa ukoo. Hapa ndipo hesabu rahisi ya idadi ya popo kwa idadi ya matundu inapodanganya.

Sasa aingie kasuku. Kasuku wa kijani mwenye pete shingoni, Psittacula krameri, si mgeni kila mahali. Kwao ni Bara Hindi, na pia ukanda wa Afrika chini ya Jangwa la Sahara, kuanzia Senegali hadi Sudani, Ethiopia na Uganda. Msomaji aliyeko Muscat au Dubai humwona kwenye mitende, alikoletwa na watu akajizalisha. Ulaya aliingia kwa biashara ya ndege wa kufugwa. Wakazi wa London hupenda kusimulia kwamba kasuku wao walifunguliwa na Jimi Hendrix, au walitoroka filamu ya The African Queen ilipokuwa ikitengenezwa mwaka 1951. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary walitumia mbinu ambayo polisi huitumia kukisia anakoishi mhalifu sugu, wakakuta visa hivyo havina mashiko. Ndege walitoka katika nyumba na vibanda vingi, mara nyingi, wachache wachache. Uchunguzi wa vinasaba nao umeonyesha kwamba asili ya kasuku wengi wa Ulaya ni Pakistani na kaskazini mwa India, kule walikokuwa wakinunuliwa kwa wingi. Kufikia mwaka 2015 idadi yao barani humo ilikuwa imepita 85,000.

Sevilla walianza kujizalisha katika miaka ya 1990. Kasuku hawezi kuchonga tundu kama kigong'ota. Anahitaji lililokwisha kuwapo, ila mdomo wake una nguvu za kutafuna ukingo na kulipanua, hivyo tundu lililokuwa likimtosha popo peke yake laweza kugeuzwa likamfaa yeye. Huanza msimu wa kuzaa mapema, majira ya baridi yakiwa hayajaisha, na popo wanapokusanyika kulea hukuta mlango una mwenyewe mpya. Uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya ule wa popo. Na huwa macho mchana, saa ambazo popo amelala, joto la mwili wake limeshuka na misuli haiko tayari kuruka. Popo anayevutwa nje ya tundu saa saba mchana hana pa kukimbilia wala kasi ya kukimbilia. Bawa lake ni ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya mifupa ya vidole; mdomo uliozoea kuvunja maganda ya mbegu hulichana kwa urahisi. Popo mwenye bawa lililochanika hafi papo hapo kila mara, lakini hawezi kuwinda, na asiyewinda usiku chache zijazo amekufa.

Mwaka 2018 Dailos Hernández-Brito, Martina Carrete, José Luis Tella na wataalamu wa popo Ibáñez na Javier Juste walichapisha matokeo ya miaka 14 ya kufuatilia bustani hiyo. Viota vya kasuku vilikuwa vimeongezeka mara 20. Idadi ya miti inayokaliwa na popo wakubwa ilikuwa imeshuka kwa asilimia 81, yaani katika kila miti mitano iliyokuwa na popo, takriban minne ilikuwa imehamwa. Ndege na popo walikuwa wakipendelea miti ya aina moja, na popo waliosalia walikuwa wakijibana mbali na viota vya kasuku. Mashambulizi yalionekana kwa macho, na popo walikutwa wakiwa na majeraha au wamekufa. Ni nadra katika fani yetu kupata kisa ambacho mwelekeo wa miaka mingi, ramani ya makazi na tukio lenyewe la kuua vyote vinaelekeza kidole mahali pamoja. Mara nyingi tuna kimoja kati ya hivyo vitatu na tunalazimika kubishana kuhusu vingine.

Naomba msomaji anivumilie nifanye hesabu kidogo, kwa sababu ndani yake ndimo uamuzi unapokaa. Kuongezeka mara 20 ndani ya miaka 14 ni sawa na kujirudufu kila baada ya miaka mitatu na kidogo. Tuseme jiji linakusanya nguvu, linapigana na wapinzani mahakamani na magazetini, na hatimaye linaondoa nusu ya kasuku wake. Ikiwa kasi ya kuzaana imebaki ileile na matundu yapo, baada ya miaka mitatu wamerudi walikokuwa. Kinyume chake pia ni kweli: jiji lililokuwa na kasuku 50 na likasubiri muongo mmoja na nusu litajikuta na kazi ya kuondoa 1,000, kwa gharama isiyolingana na ile ya awali, na kwa damu nyingi zaidi. Wanaochukia kuua ndege, nami simwoni anayechukia jambo hilo kuwa mpuuzi, wangepaswa kuwa wa kwanza kudai hatua ichukuliwe wakiwa wachache. Kila mwaka wa kusita unaongeza idadi ya watakaouawa baadaye, pande zote mbili.

Upande wa popo hesabu ni ya kikatili. Jike anayezaa mtoto mmoja kwa mwaka hawezi kufidia vifo vya majike wazima kwa kuzaa zaidi. Spishi za namna hii huishi kwa kutegemea kwamba mtu mzima hufa mara chache. Ongeza kifo kimoja hapa na kimoja pale kila msimu, wala hakuna siku moja ambayo gazeti litaandika kwamba popo wameangamia, lakini mstari unashuka bila kukoma.

Kuna maneno yanayosemwa mara kwa mara kuhusu jambo hili, na baadhi yake husemwa na watu makini. La kwanza ni kwamba popo watahama tu. Wahamie wapi? Miti yenye umri huo haipandwi ikakua kwa miaka mitano. Zaidi ya hapo, majike hurudi kulea walikolelewa, na ujuzi wa tundu lipi lina joto la kutosha mwezi gani uko kwa wakongwe wa kundi. Kumwambia popo ahame ni kumtaka aache vyote viwili kwa pamoja, makazi na ujuzi wa makazi.

La pili ni kwamba kasuku ni mla matunda na mbegu, kwa hiyo hana madhara kwa mnyama mwingine. Hoja hii inachanganya njaa na makazi. Simba na fisi hugombana kwa ajili ya nyama, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya ugomvi wa wanyama duniani ni wa mahali: pa kutaga, pa kulala, pa kuficha watoto. Mla mbegu anayehitaji tundu ni hatari kwa kila anayehitaji tundu hilohilo, hata kama hajawahi kuonja damu. Na Sevilla si kisa pekee. Mwaka 2014 watafiti wa Italia waliripoti popo wa spishi nyingine ya jenasi hiyohiyo, Nyctalus leisleri, aliyeuawa na kasuku wa aina hii. Walisema jambo hilo huenda limekuwa likitokea bila kutazamwa. Nakubaliana nao kabisa. Mauaji yanayofanyika ndani ya tundu, mita nyingi juu ya ardhi, ya mnyama wa usiku asiyepiga kelele tunayoisikia, hayana shahidi.

Hili la shahidi linanielekeza kwenye hoja ya tatu, iliyo nzito zaidi: kwamba tafiti za Uingereza hazikuona madhara. Ni kweli kwamba uchambuzi wa mwaka 2011 kuhusu ndege wa Uingereza wanaozaa kwenye matundu haukukuta athari kubwa ya kasuku kwa idadi yao. Ubelgiji, hata hivyo, Diederik Strubbe na Erik Matthysen walionyesha kwamba ndege mdogo aitwaye Sitta europaea hupoteza nafasi pale kasuku wanapochukua matundu mapema. Matokeo haya hayapingani. Wastani wa nchi nzima huchanganya bustani yenye kasuku mia na maelfu ya misitu isiyo na hata mmoja, na madhara yanayotokea mahali pachache humezwa na wastani huo. Tena hesabu ile ilikuwa ya ndege. Popo hawakuhesabiwa. Ukitafuta madhara kwa asiyepimwa, lazima utapata sifuri, na sifuri hiyo ikatembea kwenye mikutano ya halmashauri kana kwamba ni ushahidi wa usalama.

Halafu kuna wanaosema kwamba kuwapinga kasuku hawa ni chuki dhidi ya wageni iliyovishwa joho la sayansi. Nalichukulia shutuma hili kwa uzito, hasa kwa kuwa sisi ambao ndugu zetu wanaishi ughaibuni tunajua lugha ya uvamizi hutumiwaje dhidi ya binadamu. Lakini tutazame bustani yenyewe. Gleditsia ambayo popo mkubwa hulala ndani yake asili yake ni Amerika Kaskazini. Platano ya mijini ni chotara aliyetokana na mkono wa mwanadamu. Popo wa Sevilla wamelelewa kizazi baada ya kizazi katika miti ya kigeni na wamestawi. Mgeni hakuwadhuru; kwa kweli aliwapa nyumba. Na jiji hilohilo lina kasuku mwingine wa kigeni, yule wa Argentina, Myiopsitta monachus, ambaye hujijengea kiota chake kwa vijiti juu ya matawi. Ana matatizo yake, na viota vyake vizito huweza kuanguka juu ya watu, lakini kwa popo wa matunduni hana ugomvi wowote. Sheria ya Hispania ya mwaka 2013 imewaweka kasuku wote wawili katika orodha moja ya spishi vamizi, na kisheria huenda ni sawa. Katika bustani hii, mmoja ni dharura na mwingine si dharura. Asili ya kiumbe haitoshi kumhukumu. Tunaangalia anafanya nini, wapi, na wakiwa wangapi.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tumhurumie popo anayekula ndege wahamiaji, wengine wakiwa njiani kuja kwetu Afrika. Ndege wahamao na popo mkubwa wameishi pamoja muda mrefu mno, na popo hawa ni wachache. Kinachowamaliza ndege hao ni mashamba yasiyo na wadudu, mitego na ukame katika vituo vyao. Anayewapenda ndege wahamao ana orodha ndefu ya kazi kabla ya kufika kwa popo.

Basi lifanywe nini? Nilisema kuua, na nifafanue, kwa kuwa neno hilo huwatia watu hasira kabla hawajasikia sentensi inayofuata. Jiji la Sevilla lilipopanga kupunguza kasuku kwa bunduki za upepo, upinzani wa watetezi wa wanyama ulikuwa mkali na mpango ukakwama. Mbadala unaotajwa zaidi ni kuwafunga kizazi. Kasuku hawa huishi miaka mingi, na kasuku tasa bado anakaa kwenye tundu, bado anamng'ata popo anayetaka kuingia. Njia hiyo ingechukua miaka ambayo popo hawana. Kuwatega na kuwahamishia vizimbani kunawezekana wakiwa makumi, si wakiwa maelfu. Ni ndege werevu, chakula kimejaa mjini, na anayewapokea atalazimika kuwalisha maisha yao yote. Kwa hiyo inabaki risasi ya mtu aliyefunzwa, asubuhi na mapema, kabla ya msimu wa kutaga ili vifaranga wasiachwe wafe njaa, akianzia miti iliyo karibu na makundi ya popo waliobaki. Isiwe kampeni ya wiki moja ya kuonyesha picha. Iwe kazi ya kila mwaka, yenye bajeti na hesabu inayotangazwa.

Inawezekana. Ushelisheli, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, walikuwa na kasuku hawa katika kisiwa cha Mahé, na hofu yao ilikuwa wasije wakafika Praslin aliko kasuku mweusi wa visiwa hivyo. Taasisi ya Seychelles Islands Foundation iliendesha kazi ya kuwaondoa kuanzia mwaka 2013, ikahusisha wananchi walioripoti kila ndege waliyemwona, ikaua zaidi ya 500, kisha ikaendelea kutazama muda mrefu baada ya ndege wa mwisho kuonekana kabla ya kutangaza ushindi mwaka 2019. Mimi naona sehemu ngumu kuliko kupiga risasi ilikuwa ile ya mwisho: kulipia watu wa kutafuta ndege ambaye labda hayupo tena. Sevilla haina bahari inayoizunguka, na sidhani kama itaweza kuwamaliza kasuku wote. Haihitaji kuwamaliza. Inahitaji bustani moja, na miti michache inayoizunguka, irudi kuwa salama katika miezi ambayo popo wanalea.

Sehemu ya pili ya dawa haina damu na bado inapingwa, safari hii na wahandisi wa bustani. Mti wenye tundu huonekana hatari, na hofu ya tawi kumwangukia mtoto ni ya haki. Lakini mti uliooza katikati si lazima uanguke. Nguvu ya shina iko zaidi kwenye ganda la nje. Mara nyingi inatosha kupunguza uzito wa kilele, kufunga matawi kwa kebo, au kuhamisha benchi na njia, badala ya kung'oa shina zima. Ukaguzi ufanywe na mtu anayejua kusikiliza mti na mtu anayejua popo, wakiwa pamoja, na ukataji usifanyike majike wanapokuwa na watoto. Kila tundu liandikwe kwenye rejista ya jiji kama zinavyoandikwa taa za barabarani. Jiji linalojua idadi ya taa zake na halijui idadi ya matundu yake haliwezi kusema lini limeanza kuyapoteza.

Visanduku vya popo vinasaidia, kwa masharti. Katika hifadhi ya Doñana popo mkubwa amekubali kuvitumia. Kisanduku chenye mlango wa duara mbele ni zawadi kwa kasuku. Kinachofaa ni chenye ufa mwembamba chini, ambao popo huuingia akitambaa, na ukingo wake uwe na bamba la chuma ili mdomo usiutafune. Hata hivyo, kisanduku hakina unene wa ukuta wa shina hai, ambao huzuia joto la mchana wa Sevilla kupenya, na joto hilo la Julai huua. Visanduku ni msaada wa dharura wakati miti mingine ikizeeka.

Biashara nayo. Umoja wa Ulaya ulizuia kuingiza ndege wa porini mwaka 2005 kwa sababu ya mafua ya ndege na ukaufanya uzuio huo kuwa wa kudumu mwaka 2007. Ulikuwa uamuzi wa afya ya binadamu na ya kuku, na ukawa mojawapo ya hatua muhimu zaidi dhidi ya spishi vamizi barani humo. Haukuwagusa waliokwisha kutoroka.

Hapa kwetu kuna wanaosoma haya na kudhani ni habari za mbali. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale takataka, akaenea pwani yote, akawa mwizi wa mayai na makinda ya ndege wetu. Kenya iliwahi kumpunguza sana pwani kwa sumu maalumu, kazi ikakatizwa, naye akarudi. Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya likatangaza lengo la kuondoa kunguru milioni moja. Hiyo ndiyo bei ya kuachia kati, na kila mkazi wa Mombasa na Dar es Salaam anaisikia asubuhi juu ya paa lake. Wa matunduni tunao vilevile. Kasuku wadogo wa Fischer, ambao kwao ni kaskazini mwa Tanzania, na ambao mwaka 1987 walikuwa kasuku wa porini waliouzwa zaidi kimataifa, wametoroka vizimbani wakajizalisha mbali na kwao, wakiwamo wale wa Naivasha waliochanganyika na jamaa zao wenye shingo ya manjano. Ni wadogo kuliko yule wa Sevilla, lakini nao hulala na kutaga kwenye matundu ya miti mikavu, ambamo popo wadogo walao wadudu na ndege wengi wa asili hulala pia.

Nitofautishe jambo moja ili hofu isiende pasipo pake. Popo wa matunda wanaoonekana wakining'inia mijini kwa maelfu, kama wale wa Kampala, na popo wakubwa wa Pemba wanaolindwa kule Kidike, hulala kwenye matawi, hadharani. Kasuku hana cha kuwanyang'anya. Walio hatarini katika ugomvi wa namna hii ni popo wadogo wa matunduni, wale tusiowajua hata kwa sura, na ambao katika miji yetu mingi hakuna anayewahesabu.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri za Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala ni la kiofisi kabisa. Biashara ya kasuku wa kigeni isajiliwe, na atakayeonekana akiruka huru aripotiwe na kukamatwa akiwa bado mmoja. Na kibali cha kukata mti mkongwe kisitolewe kabla mtu hajapanda na kuangalia ndani ya matundu yake. Akikuta wanaolea, msumeno usubiri mpaka watoto waanze kuruka.